Banda la Kuku Kwenye Theluji, na Tundu Lisilopaswa Kuzibwa

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga kuku hapa Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, nilifuata kila nilichojifunza kwa mama kule Muheza, Tanga, na karibu kila kitu kikaharibika. Ilikuwa katikati ya Januari. Utabiri ulisema usiku ule ungefika nyuzi 26 chini ya sifuri, nami nina kuku sita kwenye kibanda cha mbao nyuma ya nyumba. Nikachukua karatasi la nailoni na stepla, nikaziba kila penye upenyo: chini ya paa, pembeni mwa mlango, kwenye dirisha la wavu. Juu yake nikatandaza blanketi kuukuu. Nikaenda kulala roho kwatu.

Asubuhi nilipofungua mlango nilipigwa usoni na hewa ya chooni. Macho yakaniwasha. Misumari iliyotokeza darini ilikuwa imeota sakitu nyeupe kama pamba, na kioo cha dirisha kilikuwa na barafu upande wa ndani. Kuku wote wazima, lakini yule mweupe mwenye upanga mkubwa (namaanisha ile nyama nyekundu ya kichwani, wengine huita kilemba) ncha zake zilikuwa zimepauka. Siku ya tatu zikawa nyeusi, kama zilizopitishwa kwenye moto.

Jirani yangu, mzee aliyekulia shambani kaskazini mwa jimbo, alikuja kutazama. Hakusema mengi. Alitoa kisu mfukoni akakata nailoni yote iliyokuwa chini ya paa, pande mbili. "Sasa watapumua," akasema, akarudi kwake. Nilidhani ananiulia kuku. Usiku uliofuata ulikuwa na baridi ileile, na asubuhi sakitu haikuwapo, harufu haikuwapo, na hakuna kuku mwingine aliyeungua.

Ilinichukua muda kuelewa alichofanya yule mzee, kwa sababu kinapingana na akili ya kawaida. Mtu akisikia baridi hufunga madirisha. Kwa nini kuku afunguliwe?

Tuanze na kuku mwenyewe. Asili yake ni ndege wa misitu ya joto ya Asia ya Kusini-Mashariki, kwa hiyo ungetarajia aanguke siku ya kwanza ya theluji. Lakini ndani ya manyoya yake joto la mwili ni kama nyuzi 41, juu kuliko letu, na ametembea na koti lake. Chini ya manyoya ya nje yanayozuia maji kuna manyoya laini mafupi, na kati yake hewa. Ile hewa iliyotulia ndiyo blanketi. Kuku anapojitutumua jioni hadi anaonekana kama mpira, hajavimba kwa hasira. Anaongeza hewa ndani ya koti. Kila vuli, mchana unapofupika, hupukutisha manyoya ya zamani na kuota mapya, hivyo kuku mwenye afya huingia Desemba akiwa na nguo mpya.

Miguu haina manyoya, na hapo ndipo wengi tunapoingiwa na huruma. Lakini kwenye mguu wa kuku mshipa unaoshusha damu ya moto umelala karibu sana na mishipa inayopandisha damu ya baridi. Damu inayoshuka humpa mwenzake joto njiani, kwa hiyo inafika kwenye vidole ikiwa imepoa, na inayorudi inafika kifuani ikiwa imepashwa. Vidole hubaki baridi bila kuganda, na mwili haupotezi moto wake kwenye theluji. Usiku hukalia miguu yake. Ndiyo maana ubao wa kulalia uwe bapa na mpana, kama ubao wa inchi mbili kwa nne uliolazwa upande wake mpana juu. Kwenye fito ya mviringo kama tulizozizoea nyumbani, vidole hujikunja chini ya mti, na manyoya ya tumbo hayavifikii vyote.

Kwa hiyo kuku mkavu, aliyeshiba, asiyepigwa na upepo, ana uwezo mkubwa kuliko tunavyomdhania. Tarehe 30 Januari 2019 joto kwenye uwanja wa ndege wa Minneapolis lilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na kuku wa yule mzee walivuka usiku ule bila taa wala hita. Neno lenye uzito katika sentensi hiyo ya kwanza ni "mkavu".

Kuku hutoa maji usiku kucha. Hutoa kwa pumzi, na hutoa kwa kinyesi, ambacho karibu robo tatu ni maji kwa sababu kuku hana mkojo wa kando. Maji hayo huingia hewani kama mvuke. Sasa, hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi sifuri inabeba chini ya gramu 5. Ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, gramu moja tu. Mvuke unaobaki lazima uende mahali: kwenye dari, kwenye misumari, kwenye matandiko, na kwenye upanga wa kuku. Upanga una damu nyingi lakini hauna unyoya hata mmoja. Ukilowa, maji yanapokauka juu yake huuibia joto, na yasipokauka huganda hapohapo. Nyama ya ndani ikiganda, inakufa. Koti nalo likilowa halishiki tena hewa, na kuku aliyelowa kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri ana shida kuliko mkavu kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Pamoja na mvuke kuna gesi ya amonia inayotoka kwenye kinyesi, ile iliyoniwasha macho. Ikizidi huharibu njia za hewa za kuku na kufungulia mlango mafua. Kipimo changu hakina gharama: napiga magoti hadi pua yangu iwe usawa wa matandiko, navuta pumzi. Nikisikia harufu, kuku wamekwisha kuivuta usiku mzima.

Hewa ya banda ni ya moto kidogo kuliko ya nje kwa sababu ya miili ya kuku, na hewa ya moto hupanda ikiwa imebeba mvuke. Ikikuta tundu juu, inatoka na mzigo wake. Ikikuta nailoni, inapoa, inaangusha maji, yanadondokea kuku. Ndiyo siri ya kisu cha yule mzee. Matundu yawe juu, chini tu ya paa, mahali ambapo upepo hauwezi kuwafikia kuku walipolala. Upepo unaopita usawa wa migongo yao ni jambo lingine, huo uzibwe kabisa, kwa sababu unapeperusha manyoya na kuivuruga ile hewa iliyotulia. Mimi hujaribu kwa utepe wa karatasi: naufunga kwenye ubao wa kulalia siku ya upepo. Ukitikisika sana, natafuta ufa. Ukitulia na juu nasikia hewa inapita, banda liko sawa.

Wazo hili si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani mmoja aitwaye Prince T. Woods alieneza mabanda ambayo upande mzima wa mbele ulikuwa wavu mtupu, wazi hata majira ya baridi. Banda lilijengwa refu kwenda nyuma, wavu ukielekea kusini kwenye jua, na kuku wakilala mwisho kabisa ambako upepo haufiki. Ukiangalia picha za mabanda hayo, unaona kwamba mabibi na mababu zetu waliolaza kuku juu ya mti wa mwembe hawakuwa mbali sana na sayansi.

Matandiko nayo yana kazi. Natumia maranda ya mbao, kina cha kiganja kizima hadi kwenye kifundo cha mkono. Sisafishi banda kila wiki. Nageuza kwa uma, naongeza maranda mapya juu, na huko chini kinyesi na maranda vinaanza kuoza na kutoa joto kidogo. Nazolea nje yote Aprili, bustani inafurahi. Sharti lake ni moja, yabaki makavu. Yakishikana mkononi kama ugali, yametota, yatolewe.

Sasa suala la taa ya joto. Hili ndilo nililobishana nalo na mama muda mrefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hao kuku bado wazima?"

"Wazima kabisa."

"Umewawekea moto lakini?"

"Sijawawekea, mama."

Kimya. Kisha: "Mwanangu, hata jiko la mkaa tu?"

Simlaumu. Sisi tuliofuga nyumbani tunalijua joto la kuku kupitia bruda, kile kizimba chenye moto cha kulelea vifaranga. Kifaranga wa siku moja ana vumbi la manyoya tu, na wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35. Ukizima jiko usiku, asubuhi unazoa maiti pembeni. Kwa hiyo kichwani mwetu kuku na moto vimeoana. Lakini kuku mkubwa aliyeota koti lake ni mnyama mwingine. Ile balbu nyekundu ya wati 250 inayouzwa kila duka la mifugo hapa, ikining'inizwa kwenye chumba cha mbao chenye maranda makavu, vumbi, na ndege wanaoruka, ni kiberiti kinachosubiri. Kila majira ya baridi mabanda huungua kwa taa hizi, na mengine huondoka na nyumba. Na hata isipoanguka, ina hila nyingine: kuku aliyezoea joto hajitayarishi na baridi. Dhoruba ikiangusha nyaya za umeme saa nane usiku, anatupwa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri bila mazoea, na hapo ndipo vifo hutokea.

Kuna wanaostahili msaada. Vifaranga, bila shaka. Mgonjwa, au aliyechelewa kupukutisha manyoya na yuko uchi Desemba, huyo mimi humwingiza gereji ndani ya boksi. Kuku wa aina ya Silkie pia, kwa sababu manyoya yao ni kama ya paka na hayazuii maji. Kwao kuna vibao bapa vya umeme vinavyotoa joto dogo bila kuwaka, kuku anavisogelea mwenyewe akitaka. Nikilazimika ningechukua hicho, sio balbu.

Maji ndiyo yanayonitesa mimi, sio baridi. Kuku anayetaga hunywa karibu robo lita au zaidi kwa siku, na asipokunywa hali, asipokula hana moto. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri ndoo inaganda kabla sijamaliza chai. Wapo wanaoweka mpira mdogo wa plastiki uelee ili utikise maji. Unasaidia baridi ikiwa ya mzaha. Wengine huwaza chumvi. Usithubutu, chumvi nyingi ni sumu kwa kuku. Zipo njia mbili zinazofanya kazi kweli. Ya kwanza ni bakuli jeusi la mpira: asubuhi unaligeuza, unalipiga teke, barafu inatoka nzima kama sabuni ya mche, unamimina maji ya vuguvugu, na jioni unarudia. Mlundikano wa barafu hizo za duara nyuma ya nyumba yangu hufika magotini kabla ya Machi. Ya pili ni kitako cha umeme cha kukalishia chombo cha maji, chenye kidhibiti kinachojiwasha maji yanapokaribia kuganda. Nilinunua baada ya wiki mbili za mateke. Waya uwe wa matumizi ya nje, na maungio yake yasilale kwenye theluji. Chombo chenyewe kikae mbali na maranda, kama banda lina uwanja basi kikae uwanjani, kwa sababu maji yaliyo wazi ndani ya banda ni mvuke zaidi.

Chakula hakina mambo mengi. Msingi ubaki ule ule wa kuku wa mayai, wenye protini asilimia 16 hivi, na kuwe na kingi, kwani kuku wa baridi hula zaidi ya zile gramu 110 au 120 za kawaida. Jioni nawamwagia kiganja cha mahindi yaliyoparazwa. Tarehe 21 Desemba hapa jua huchomoza saa mbili kasorobo na kuzama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo kuku yuko juu ya ubao zaidi ya saa 15 bila kula. Mahindi yale hubaki kwenye mfuko wa shingoni na kushuka kidogo kidogo kusagwa usiku, na kusaga chakula kunazaa joto. Ila yasizidi sehemu moja ya kumi ya mlo, vinginevyo unanenepesha kuku na kuwapunguzia protini. Theluji ikifunika kila kitu hawapati changarawe za kusagia chakula tumboni, kwa hiyo iwekwe kopo dogo. Na kuku waliofungiwa kwa wiki huchoka, kisha hudonoana. Kabichi nzima iliyoning'inizwa kwa kamba huwashughulisha siku mbili. Sanduku la jivu la kuni kwa kuoga vumbi hupunguza utitiri, ambao nao hupenda kujificha kwenye manyoya wakati huu.

Usishangae wakigoma kutoka. Wengi hawapendi kukanyaga kitu cheupe, husimama mlangoni wakinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekimwaga. Mabua makavu yakitandazwa juu ya theluji, wanatoka.

Halafu mayai. Hapa ndipo watu wengi huichanganya baridi na giza. Kuku wangu walipoacha kutaga Novemba nilidhani wanasikia baridi, kumbe ni mwanga. Ubongo wa kuku huhisi mwanga moja kwa moja kupitia fuvu, sio kwa macho peke yake, na mchana mrefu ndio unaoamsha homoni za kutaga. Kwa kutaga vizuri anahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16. Muheza tofauti kati ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na mfupi kabisa haifiki hata dakika 40, ndiyo maana mama hajawahi kuona kuku wake wakigoma kwa sababu ya kalenda. Hapa Desemba mchana hauzidi saa 9. Anayetaka mayai aweke balbu ndogo yenye saa ya kujizima, iwake alfajiri kabla ya jua, si jioni. Ikizimika ghafla usiku kuku wanabaki sakafuni gizani hawaoni pa kupanda. Mimi siweki. Najua wengine watanicheka, hasa baada ya Machi 2025 ambapo bei ya wastani ya dazeni Marekani ilipita dola 6 kwa sababu ya mafua ya ndege, lakini naona kuku aliyetaga tangu Machi ana haki ya likizo. Mafua hayo nayo ni sababu ya kutowaruhusu bata wa mwituni kunywa kwenye bakuli la kuku wako.

Kama bado hujanunua kuku, una nafasi ya kukwepa nusu ya matatizo haya. Tazama kichwa. Leghorn mweupe, kama yule wangu aliyeungua, ana upanga mrefu wenye meno, umetengenezwa kutoa joto; unafaa Tanga, hapa ni mzigo. Wyandotte ana upanga mnene uliolala kichwani. Buckeye, aliyetengenezwa na mwanamke aitwaye Nettie Metcalf huko Warren, Ohio, mwishoni mwa karne ya 19, ana upanga mdogo kabisa. Na huko Quebec, kuanzia 1908, mtawa wa Oka aitwaye Wilfrid Chatelain alichanganya mbegu kadhaa kwa makusudi hadi akapata Chantecler, kuku asiye na upanga wala ndevu za maana, ana kifundo tu kichwani. Kuku kishingo wetu, aliyeachwa shingo wazi ili apoe, ningemwacha kabisa pwani.

Kuku akiungua upanga kwa baridi, usiusugue, wala usimwekee maji ya moto wala kikaushia nywele. Mpeleke mahali penye joto la kawaida, ubaki mkavu, na ile ncha nyeusi uiache. Inalinda nyama iliyo chini yake na itadondoka yenyewe baada ya wiki kadhaa. Watu hupaka mafuta ya mgando kabla ya usiku wa baridi. Mimi nilijaribu, sikuona tofauti, ila maranda yote yaliganda kichwani mwa kuku.

Ukizunguka banda asubuhi, angalia pia nyayo kwenye theluji. Rakuni na mbweha wana njaa, na theluji iliyolundikana kando ya uzio huwa ngazi. Kicheche hupenya tundu ambalo ungeapa halipitishi hata panya, kwa hiyo yale matundu ya juu ninayoyahimiza yawekwe wavu mgumu wa nusu inchi.

Mapema Februari mchana unafikisha saa 10, na hapo wanaanza kurudi mmoja mmoja. Inabidi kuokota mara kwa mara, maana yai huganda, linatanuka, ganda linapasuka urefu wote. Mwaka jana la kwanza nililikuta tarehe 6, la yule mweupe mwenye upanga uliokatika, limepasuka na limekuwa jiwe. Nikampigia mama simu ya video nimelishika. Akaniuliza nitalifanyaje. Nikalimenya kama chungwa, nikalitumbukiza kwenye kikaango.